Mafuta ya Baba Hayaamki Asubuhi

Jumatatu, 7 Julai
Asukulu ameshatoka kwenda kwenye mashine. Blanketi bado lina joto lake. Wiki tano za ndoa, na bado nikisikia kikohozi chake nje moyo unaruka. Lakini baridi ya huku juu milimani, Lubondja! Kwetu Baraka, kando ya ziwa, hata usiku mtu anatoka jasho.

Mashine ya kusaga muhogo imegoma tena. Nilisimama mlangoni nikihesabu: mara kumi na saba amezungusha manivela, ule mkono wa chuma wa kuwashia. Injini ikaguna, ikanyamaza. Bamama watatu wakajitwika beseni zao, wakaenda kusaga ng'ambo ya mto. Nimeudhika.

Jumanne, 8 Julai
Leo nimeelewa. Ni mafuta ya injini. Aliyokuwa akiweka kabla ya harusi yalikuwa mepesi. Haya ni namba hamsini, mazito, zawadi ya baba. Baba anatengeneza injini za boti Baraka, na kwenye joto la ziwa hayo ndiyo mafuta ya kweli. Alimkabidhi Asukulu bidoni nzima, dumu limejaa pomoni, siku ya harusi, mbele ya watu wote. Vigelegele. Mimi pia nilipiga.

Huku asubuhi yanakuwa kama asali ya mwaka jana. Nimechovya kijiti: hayadondoki.

Nikamwambia abadilishe. Amekataa. Zawadi ya baba mkwe haimwagwi, na nisithubutu kumwambia baba. Mpenzi wangu. Mzuri, na mkaidi kama mbuzi.

Alhamisi, 10 Julai
Tumeyatoa mafuta kwenye injini, tukayapasha moto juu ya makaa, tukayarudisha. Ikawaka! Nikamrukia shingoni hadharani. Lakini saa nzima ilikuwa imepita, wateja wameshakwenda. Na sufuria ilikuwa ile yangu mpya ya harusi. Nimeisugua kwa majivu mara tatu. Sombe, majani yetu ya muhogo, bado inanuka garaji.

Ijumaa, 11 Julai
Jirani yetu Mama Riziki alipita na muhogo kichwani. Hata hakusimama.

"Bibi arusi, mashine yenu nayo imeolewa? Inalala mpaka jua kali!"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Manivela imerudi nyuma ikampiga Asukulu, kifundo cha mkono kimevimba. Nimekifunga kwa kitambaa, nimekibusu, kisha tukagombana. Ugomvi wetu wa kwanza. Alisema wanawake wa ziwani hawajui heshima. Nimelia sana. Wateja wakizoea ng'ambo hawatarudi, na mashine hii ndiyo maisha yetu yote.

Jumamosi, 12 Julai
Nimepanda kilimani penye mtandao, nimempigia baba. Mafuta sikuyataja. Nilisema nimemkumbuka, aje aone nyumba yangu.

Si uongo.

Jumanne, 15 Julai
Baba alifika jana. Alilala na makoti mawili. Alfajiri alimkuta Asukulu akihangaika na manivela kwa mkono mmoja, akamsogeza, akaishika mwenyewe. Alizungusha mpaka akatweta. Injini haikuwaka. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakiinamisha: mafuta hayakudondoka. Asukulu aliangalia chini.

"Mukwe," baba akasema, "boti yangu iko na njaa. Unaweza kunisaidia na ile bidoni?"

"Iko yenu, Baba."

"Basi mi nitakutumia mafuta ya huku kwenye baridi."

Nilikimbilia jikoni nikacheka ndani ya kitenge changu mpaka machozi.

Jumatatu, 21 Julai
Mafuta mepesi yaliletwa jana kwa pikipiki kutoka Baraka. Leo mizunguko miwili tu. Moshi, kisha mlio. Mama Riziki alikuwa wa kwanza. Alitua beseni akangoja.

Asukulu amerudi kunywa chai, nyusi zimejaa unga. Ameniuliza, bila kunitazama, kwa nini baba alikuja wiki ile hasa.

Nimemwongezea sukari.