Asali Niliyoitema

Mwingi, Jumanne

Dada yangu Sauda,

Assalam aleikum. Hujambo huko Kibwezi? Shemeji je, na nyanya zenu za kando ya mto? Sisi wazima, na mimi nina furaha hadi kalamu inanikimbia. Sukari imeshuka! Ile iliyonilaza hospitalini baada ya Idi leo imesoma saba, na nesi amenipigia makofi.

Unajua nilivyohangaika. Niliacha sukari kwenye chai, nikapunguza ugali, nikala muthokoi wenye maharagwe mengi kuliko mahindi, nikatembea kila jioni hadi majirani wakauliza ninamfuata nani. Mashine ya kupimia sukari ikakataa kushuka. Nesi akauliza ninakula nini dukani. Nikaapa sili kitu, naonja tu. Akataka kujua naonja nini. Nilipomjibu asali, alicheka hadi akakaa chini! Kila ndoo ya asali inayoletwa dukani na wafugaji wa nyuki naipima kwa kijiko, asubuhi hadi jioni, na kwangu mimi kuonja hakukuwa kula.

Akaniambia nichague, asali au macho yangu. Nilirudi nyumbani nikilia. Bila ulimi huu nitaijuaje iliyochanganywa na maji ya sukari? Duka lingekufa. Ni mume wangu Nuhu aliyenikumbusha kwamba mwezi wa Ramadhani mimi huonja kwa ncha ya ulimi, nikatema, nikasukutua, na biashara ikaendelea. Nilimkumbatia mbele ya wateja!

Kesho yake nikatema asali ya Mzee Kitonga wa Nuu. Lo! Si Ramadhani, na watu wanatazama. Kwao asali hutemwa ikiwa mbovu. Alibeba ndoo zake akaondoka, wafugaji wenzake wakamfuata, na duka likabaki tupu wiki nzima.

Sasa usinikasirikie, maana wewe ndiye uliyenisihi nifiche ugonjwa huu. Nilimfuata mzee hadi kwake, nikamwambia mbele ya mkewe, Mbinya, kwamba nina sukari, na kwamba asali yake ndiyo tamu kuliko zote nilizowahi kutema. Nilidhani atanicheka. Aliangalia chini, kisha akavua kiatu. Kidonda, dada! Kimekaa tangu mavuno, na Mbinya mwenyewe alikuwa hajakiona. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama watu wa sukari hukojoa usiku kucha, na kama nesi wangu ni mkali.

Leo nimekwenda naye kliniki, pamoja na Mbinya. Mzee ana sukari, lakini daktari amesema tumewahi, mguu utapona. Mbinya alilia, nami nikalia naye, kwa furaha.

Pale kwenye benchi nilikuwa nakuwaza wewe, na maji unayoyamaliza jagi kwa jagi, na jinsi ulivyokuwa mwepesi kuniambia nifiche. Nakuja Jumamosi na mashine. Ukinifungia mlango nitakuita kwa sauti hadi mtaa mzima usikie.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na usinipikie chapati.

Mdogo wako anayekupenda,
Salama