Shemeji, Ulihisi Nini Kona ya Tatu?

Mpendwa shemeji,

Jumamosi ya pili baada ya Pasaka nilipoteza bampa, taa mbili na wewe. Bampa na taa vilirudi baada ya wiki tatu. Wewe huu ni mwezi wa nne, simu hupokei.

Unakumbuka asubuhi ile tulipolijaribu gari. Milango miwili, turbo, limetumika miaka kumi na moja. Vijana wa stendi ya Mbinga walituzunguka. "Bosi, kwa mashimo ya barabara ya Litumbandyosi utafika nalo, au utalibeba?" Tulicheka wote. Mimi niliyeanza na baiskeli ya kubebea kahawa za watu, leo nimeshika usukani wa ngozi! Kwenye lami iliyonyooka nilifikisha mia na sitini, wewe umeng'ang'ania mkanda.

Mteremko wa kwenda Mbamba Bay nikakuachia uendeshe. Kona ya tatu ukasema, "Shemeji, hili halisimami. Ukilinunua, utalisimamishia ziwani kwetu uvue nalo dagaa usipa."

"Nyie watu wa ziwani breki mnayoijua ni kasia," nikakujibu. Ukacheka.

Miaka tisa tangu nimwoe dada yako tumeongea hivyo, hata msibani. Ndivyo mashemeji tunavyoishi. Ningejuaje kwamba siku hiyo umesema kweli?

Tukageuza, nikasaini kulinunua. Mchana nikampakia dada yako, tukamwonyeshe mama yenu gari, kule Lipingo. Kona ileile pedali ya breki ikazama mpaka chini. Nikalielekeza gari kwenye gema, upande wa mlima. Dada yako akavunjika mkono.

Hospitalini nilikufokea, "Ulijua, ukaninyamazia!" Nilifoka mbele ya mama mkwe, ambaye kwa miaka tisa namwamkia nimeinamisha macho. Ukasema neno moja tu, "Nilikuambia," ukaondoka.

Mkono umepona. Lakini dada yako ananipakulia chakula bila utani, na nyumba imepoa. Nimechoka, shemeji. Hata mtu wa kunitukana vizuri sina.

Jumapili baada ya misa nateremka Lipingo kwa mama yenu. Kama ulinionya kwa dhati, nitapiga magoti na kuomba radhi kwenu wote wawili, wewe na mama. Kama ulikuwa unatania tu, radhi kwa mama nitaomba mimi, ila ya mkono wa dada yako utaomba wewe. Kwa hiyo nijibu kabla ya Jumamosi saa kumi jioni, bila mzaha: mguu wako ulihisi ile pedali ikizama, ndiyo au hapana?

Ni mimi, mume wa dada yako,
Mbinga.