Gazeti Lililomkemea Baba Yako

Mwandiga, Kigoma
14 Septemba 2024

Mpendwa mwanangu Noella,

Leo ni miaka ishirini na minane kasoro mwezi mmoja tangu nivuke ziwa hili nikikimbia vita. Nakusalimu kwa upendo. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na jicho moja linalotaka nisome karibu na dirisha. Ninyi je? Mama yako Sidonie bado anasumbuliwa na presha? Na maji ya ziwa, yameshatoka kwenye nyumba za kwetu Kalundu, huko ng'ambo, au bado mnapita juu ya mifuko ya mchanga?

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umemwandikia baba yako, marehemu kaka yangu Thaddée, makala katika kamusi elezo ya mtandaoni, kama mpiga kinanda wa muziki wa kiklasiki, na wahariri wametangaza kwamba wataifuta mwisho wa mwezi. Unasema wanambeza. Hapana, mwanangu. Wanauliza swali moja tu: ni nani asiye ndugu yake aliyewahi kuandika habari zake? Nilipokuwa mwalimu ningeuliza hilohilo.

Kwa hiyo ushuhuda ulioniomba sitauandika. Mimi ni mdogo wake. Hapo neno langu halina uzito. Kile kitabu cha jubilei ya parokia nacho hakitakusaidia. Unajua desturi yetu: jina la mpiga kinanda halikuandikwa, ilionekana ni majivuno. Wameandika "kinanda kilisikika vizuri", kana kwamba kilijipiga chenyewe.

Lakini kuna jambo nililolificha. Mwaka 1989, wewe ukiwa bado unanyonya, baba yako alialikwa kupiga kinanda kikubwa cha mabomba katika kanisa moja la Bujumbura. Mwandishi wa gazeti la huko akaandika safu nzima juu yake, kwa jina kamili, na kumkemea: vidole vyepesi, lakini anapiga kwa kukimbia kama mtu anayefukuzwa.

Baba yako alinitupia lile gazeti. "Weye Kizito, choma hii kitu! Sitaki kuiona mu nyumba yangu!" Capitoline wa sauti ya pili akazidi kumchokoza mbele ya kwaya nzima: "Baba Noella, uliogopa boti ya Kalundu itakuacha?" Wiki mbili hakumsalimia.

Sikulichoma. Nilimwambia nimelichoma. Lilivuka pamoja nami ndani ya Biblia, na kaka alifariki akiamini limekuwa majivu.

Sasa fikiri: aliyemkemea hakuwa ndugu, hakuwa mwanaparokia, wala hakutaka kumpendeza mtu. Ndiye shahidi bora uliye naye. Nimempa Fiston wa boti ya mizigo akuletee, limefungwa kwenye nailoni. Taja tarehe na ukurasa, wala usiondoe lile neno la kukemea. Shahidi mmoja huenda asitoshe. Katafute wa pili kwenye magazeti ya zamani hukohuko Bujumbura. Wakiifuta hata hivyo, usiwatukane.

Sababu ya kukimbia kwake naijua mimi. Mivukuto ya kinanda chetu cha Kalundu, ile mifuko inayosukuma upepo, ilivuja. Niliiziba kwa mpira wa baiskeli, na bado ilimbidi amalize mstari kabla upepo haujamwishia. Alijifunza hivyo miaka kumi na miwili. Kule Bujumbura upepo ulisukumwa na umeme, haukuisha kamwe, lakini mikono yake haikusadiki. Hilo usiliweke kwenye makala, maana halikuchapishwa popote. Lakini ulijue.

Nisalimie mama Sidonie, umwambie apunguze chumvi. Msalimie Capitoline, mwambie mzaha wake ulikuwa mkali kuliko gazeti. Mkumbatie mjukuu wangu Ushindi. Mungu awalinde ninyi nyote, na awape usingizi usio na hofu.

Asante kwa chumba ulichokipaka rangi huko ng'ambo, Kimanga, ukitumaini nitakuja kuyasema haya mwenyewe kwenye redio ya huko. Mpe Ushindi alale humo. Gazeti linarudi kwa boti ya Fiston. Mimi sitarudi.

Ni mimi, nikupendaye bila kupungua,
Baba yako mdogo,
Kizito