Mwingereza wa Mama

Bukavu, Jumanne, Septemba

Mvua ilianza kabla watu hawajatoka misa ya asubuhi, na sasa jua linazama bado inanyesha. Ni ile mvua ya kwanza ya Septemba, inayoshusha udongo wa Kadutu mpaka barabarani. Nimeketi karibu na dirisha. Sina hasira, sina furaha. Nina kitu kingine ambacho sijakipatia jina, ndiyo maana naandika.

Yule Mwingereza ameacha mbio.

Anayepita kwenye ukurasa huu kwa mara ya kwanza hatanielewa, basi nianze naye mbali kidogo. Huyo ni dereva wa magari ya mashindano kule Marekani, yale membamba yenye magurudumu nje, dereva kazama ndani kichwa tu kinaonekana. Mimi simjui na yeye hanijui. Hata jina lake halitajwi nyumbani kwetu, kwa sababu mama haliwezi, na kaka yangu Dodo alikuwa analiharibu makusudi ili tucheke. Kwetu yeye ni Mwingereza, basi.

Dodo ndiye aliyetuletea mtu huyu. Alikuwa anaendesha pikipiki njia ya Kamituga, akipeleka wafanyabiashara na mizigo yao kwenye machimbo ya dhahabu na kuwarudisha. Anayeijua barabara ile anajua kwamba mtu akirudi kutoka kule anapewa kwanza maji, habari baadaye. Siku moja aliketi kwenye nganda, baa moja ya mtaa wa Essence, kungoja mpira uanze, akakuta televisheni inaonyesha magari yanayozunguka uwanja wa mviringo kama sahani. Wenzake walipiga kelele wabadilishiwe chaneli. Yeye alibaki anaangalia.

Kuanzia siku hiyo tulilishwa maisha ya yule mtu kama uji. Baba yake alikuwa fundi wa magari. Ulaya hakupata kiti, maana kule kiti cha gari la mbio kinataka watu wazito nyuma yako, naye nyuma yake alikuwa na baba mwenye mikono ya grisi tu. Akavuka bahari kwenda Marekani kubahatisha. Dodo alisema Marekani ilikuwa Kamituga ya yule Mwingereza, na mama alielewa mara moja, hakuuliza tena.

Mwaka wake wa kwanza aligonga ukuta hadi Wamarekani wakamcheka, kwamba mtu huyu amezoea barabara za kwao zenye kona za kila upande, mviringo unampa kizunguzungu. Timu moja ikamwacha. Nyingine ikamchukua kwa sababu dereva wao alivunjika mkono, akapewa gari la mtu mwingine na karibu hata viatu vya mtu mwingine. Akakaa. Mwaka ukapita, akashinda uwanja mdogo ambao hata Dodo hakujua uko jimbo gani, na siku hiyo tulikula kuku. Kushinda alishinda mara chache. Sifa yake ilikuwa nyingine: gari alilopewa alikuwa analirudisha. Wenye kasi walimpita, wakaenda kuvunjika mbele yake, naye akapita katikati ya vipande.

«Ule iko mutu ya kufika,» Dodo alikuwa anasema. Kwake hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Alipaka kofia yake ya pikipiki rangi ya njano na mstari mweusi, kama ya Mwingereza. Alipojua kwamba kwenye vile viwanja vya mviringo mvua ikinyesha mbio zinasimama na madereva wanarudi kunywa kahawa, alicheka mpaka akakohoa. Alisema yeye angependa kuona mtu mmoja tu aje asimamishe mvua ya Mwenga, kwenye njia yake ya Kamituga.

Mvua ya Mwenga ndiyo iliyomchukua.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, siku ya ile mbio yao kubwa. Asubuhi alinitumia sauti kwenye simu: «Noëlla, ununue mega. Nitafika mbele baanze.» Nikanunua hizo mega za intaneti, tuangalie kwenye simu. Jioni walianza na yeye hajafika, nikajiambia njia imeharibika, amelala mahali. Niliangalia peke yangu, simu nimeiegemeza kwenye sufuria, ili nije nimhadithie. Mwingereza alikuja wa tatu. Hajawahi kufanya vizuri hivyo katika mbio ile. Nilikuwa napiga makofi wakati Tonton Cyprien, mdogo wake mama, aliposimama mlangoni na kofia ya njano ya Dodo mkononi.

Sijui kama Dodo alikimbia kwa sababu ya mbio zile. Labda hapana. Ukingo wa barabara ulikatika chini yake, na ukingo hauulizi mtu anawahi nini. Lakini mikono yangu inakumbuka yale makofi. Mpaka leo kanisani watu wakipiga makofi mimi nashika kitenge changu.

Nilimchukia yule Mwingereza. Naandika wazi kwa sababu ni kweli. Mmoja alifika, mmoja hakufika, na mimi nilikuwa nashangilia asiye wetu.

Mama alienda njia nyingine kabisa. Wakati wa kilio, watu bado wamelala uani juu ya mikeka, aliota Dodo amesimama kando ya barabara na kofia yake ya njano. Akamwambia: «Maman, sijafika bado.» Aliamka akatuhadithia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa ujumbe aliotumwa. Halafu akaniuliza ule Muzungu wa Dodo anakimbia tena siku gani.

Tangu hapo, kila Jumatatu ya baada ya mbio, kabla sijamwamkia, ananiuliza: «Alifika?» Hajawahi kuuliza kama alishinda. Nikisema alifika wa kumi na nne, anasema asante na kuendelea kuchambua maharagwe. Nikisema gari liliharibika na akaegesha, anataka kujua nani alimsukuma, na kama alirudi na miguu au alibebwa.

Mwaka wa kilio ulipotimia, Tonton Cyprien alikuja kutoka Nyantende, ambako tulimzika Dodo, kupanga siku ya kuvua nguo nyeusi. Hapa kwetu jambo hilo halichezewi. Inasomwa misa, familia yote inavaa kitenge kimoja kipya, mbuzi anachinjwa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, inamiminwa, na aliyekufa anaachwa aende zake. Asipofanyiwa hivyo anabaki mlangoni, na waliobaki wanabaki naye. Mama alimsikiliza mdogo wake hadi mwisho. Kisha akamwuliza atavuaje nguo ya mtu ambaye bado yuko njiani.

Tonton aliondoka bila kumaliza chai.

Halafu likaja jambo la kanisani. Mama alienda kuombesha misa, na kwenye maombi ya wasafiri akaandikisha mtoto wake. Msomaji alikuwa mgeni wa parokia, akasoma kama alivyokuta: tumwombee mtoto wa maman Dodo, iko safarini, afike salama. Vichwa vyote viligeuka. Dodo walimzika wao wenyewe, wengine walibeba jeneza. Majirani walikuwa wameanza kumwita mama jina langu, maman Noëlla, kwa kumwonea huruma, na yeye alikuwa haitikii. Siku hiyo aliitikia «Utusikie» kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi niliinamisha kichwa. Niliona haya, na chini ya haya kulikuwa na hofu, kwa sababu kwa muda mfupi nami niliamini yuko safarini.

Ninasikia pikipiki, lazima niseme. Kila jioni zinapanda mlima wetu nyingi, lakini kuna moja ambayo hupunguza mwendo mbele ya mlango, halafu naingoja izimwe na haizimwi. Mama naye huinua kichwa. Hatuzungumzi juu yake.

Mwaka jana Mwingereza alipaa. Gari lake lilipanda gurudumu la mwenzake, likaruka, likajipigiza kwenye wavu juu ya ukuta na kuanguka likiwa vipande. Wale wa televisheni waliacha kuonyesha. Wakituonyesha anga na bendera badala ya gari, najua maana yake. Mama alikuwa karibu yangu na rozari. Aliona uso wangu, akapiga magoti palepale sakafuni, na mimi niliyemchukia yule mtu nikapiga magoti pia. Niliomba kwa Kishi, lugha ya nyumbani ambayo simwombii mtu ila wa damu yangu. Walipomtoa aliinua mkono. Mama alilia kwa namna ambayo hakulia kwenye mazishi.

Msimu huu alirudi, mwembamba, akiendesha kwa adabu, akifika. Mbio za mwisho za mwaka alikuja wa tisa. Na leo ofisini, wakati wenzangu wanakunywa chai, nikamwona kwenye simu ameketi juu ya ukuta wa uwanja, bila kofia, nywele zimepungua. Ameeleza kwamba harudi mwakani. Hakufukuzwa. Anataka kutoka ndani ya gari wakati miguu yake bado inamsikia, basi. Mke wake alikuwa nyuma na watoto, mmoja anavuta jezi yake anataka kwenda.

Chai yangu ilipoa.

Nilishuka toka ofisini Nyawera kwa miguu chini ya mvua, nikipanga maneno. Kama Mwingereza hakimbii tena, Dodo amebaki wapi? Niliogopa mama atasikia kwamba mtoto wake ameshushwa katikati ya njia, na safari hii hakuna wa kumchukua. Niliogopa akili yake. Jumamosi Tonton anakuja tena, na amesema hii ni mara ya mwisho kuuliza.

Nilimkuta jikoni akipepea moto wa makala, mkaa wetu wa kupikia. Sikumwamkia vizuri hata.

«Maman, ule Muzungu hatarudia tena mu mbio.»

Mkono wake ulisimama. «Alikufa?»

«Hapana, maman. Iko muzima.»

«Banamufukuza?»

«Hakuna mutu alimufukuza. Ni yeye mwenyewe alisema inatosha.»

Niliona midomo yake inatembea kama inahesabu rozari. Halafu: «Alishuka na miguu yake?»

«Na miguu yake. Bibi yake na batoto balikuwa banamungojea pale.»

Mama aliweka kipepeo chini, taratibu, akajifuta majivu kwenye nguo yake nyeusi. Aliangalia mlango, siyo mimi.

«Basi alifika,» akasema. «Dodo alifika.»

Hakulia. Aliingia chumbani, akakaa kitambo, na mimi nikabaki na makala yanayozima. Alipotoka alikuwa amevaa kile kitenge cha kijani alichonunuliwa na Dodo katika safari yake ya kwanza ya Kamituga, kimekunjika kwa kukaa sandukuni. Nguo nyeusi alikuwa ameibeba mkononi. Hakungoja misa wala mbuzi. Aliniambia nimpigie Tonton, waandae Jumamosi, na kofia ya njano tutaipeleka Nyantende tuiweke juu ya kaburi, kwa sababu mtu akifika anavua kofia. Kisha akaniuliza kwa nini nimeacha moto uzime.

Tonton kwenye simu aliniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri.

Sasa mama yuko upenuni mwa jikoni anaongea na jirani kupitia uzio. Nimesikia jirani anamwita maman Noëlla, na mama ameitika. Ameitika jina langu, na mimi sijafurahi. Kumbe nilikuwa nimejificha nyuma yake muda huu wote. Yeye ndiye aliyekuwa anamngojea Dodo, watu walimwona, wakamsikitikia. Mimi nilikuwa namletea habari tu.

Kabla ya kuandika haya nilishika simu nikatafuta kama kule Marekani kuna dereva mwingine Mwingereza. Yuko mmoja, ameanza mwaka huu. Amegonga ukuta, wanamcheka. Sijamwambia mama, na sitamwambia.

Jumamosi nitavaa kitenge kipya kama wote, nitakunywa kasiksi, nitaweka kofia pale itakapowekwa. Hilo nimeamua. Lakini mwezi wa tatu mbio zitaanza tena, na najijua. Nikinunua mega, nikaegemeza simu kwenye sufuria, nitakuwa namngojea nani?