Chumba cha Mama Katika Mji wa Kilimani

Mugisho, mdogo wangu,

Barua niliyokutumia kwa posta imerudi. Bahasha haikufunguliwa, imegongwa mhuri kwamba huishi tena pale. Namba yako ya simu haiiti. Ndiyo maana leo nakuandikia hadharani, katika jarida dogo linalosomwa na Waswahili wa hapa London. Huenda mtu fulani anayekufahamu akaisoma, akakwambia kwamba dada yako anakutafuta.

Miaka mitano nilikuhesabu miongoni mwa wafu. Vita vilipoingia Bukavu mwaka wa tisini na sita, wewe ulikimbilia upande wa msitu, mimi na mama tukakimbilia upande wa ziwa. Hatukupata habari zako tena. Mama alibaki kwa mama mdogo, Uvira. Mimi nilizunguka mpaka nikafika huku, nikapewa chumba Lewisham, nikapata kazi ya kusafisha wodi hospitalini. Kisha Jumapili moja, nimetoka kanisani, viatu bado miguuni, simu ikalia. Nikasikia mwanamume akisema, "Dada?"

Nilikaa kwenye ngazi. Sikuwahi hata kukuuliza uko wapi, wala nani alikupa namba yangu. Wewe ulitangulia, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu.

"Mama iko?"

Mama alikuwa amezikwa miezi tisa kabla. Nami nikajibu, "Iko. Iko kwa mama mdogo."

Ukalia kwa furaha mpaka kadi yako ya simu ikaisha.

Neno hilo moja nililitunza miaka mitatu. Kila Jumapili ulipiga kutoka Sicily, kisiwa cha Italia, kila Jumapili ulisema, "Unisalimie mama." Nilikwambia kule Uvira hakuna simu, nikawa nakuletea salamu zake mimi mwenyewe. Nilisema anacheka. Nilisema goti linamsumbua, hapandi vilima vizuri. Nilimtibu goti, nikamuuguza mafua, mtu aliye kaburini.

Mwaka 2004 nikapata hati ya kusafiria ya mkimbizi, ile ya buluu. Nikaomba likizo, nikaja kwako. Nilikuwa nimeapa nitakwambia uso kwa uso, siku ile ile ya kwanza.

Basi lilipanda mlima likizunguka na kuzunguka, mpaka mji ukatokea juu, majumba yake yote ya mawe yenye rangi ya mahindi makavu. Ulikuwa umesimama kituoni na shati lililopigwa pasi. Nilikuacha una miaka kumi na saba. Nilimkuta mwanamume mwenye mvi mbili tatu kidevuni. Uliliweka begi langu begani, ukanishika mkono kama unavusha mtoto barabara.

Mji mzima ulikufahamu. Vinyozi walikusalimia, wazee waliokaa uwanjani walikupungia kofia. Ulinionyesha makanisa, nikabaki mdomo wazi: nguzo zimejipinda kama kamba, malaika wa mawe wananing'inia juu ya milango, na chini ya vibaraza vya majumba, nyuso zilizochongwa zinatoa ndimi, zinacheka, zinakunja ndita.

"Kitambo tetemeko iliangusha yote," uliniambia. "Watu walikufa wengi. Wenye walibaki njo wakajenga hii."

Ulisema kwa fahari, kama vile nawe ulibeba mawe.

Halafu ukanipeleka nyumbani. Kwenye ngazi za nje niliona ubao mpya wa kushikia, umepigiliwa vizuri na kulainishwa. Juu ukafungua mlango wa chumba kidogo. Kitanda kimetandikwa blanketi la sufu, zawadi ya jirani yako, mama mjane wa nyumba ya chini. Dirisha linatazama bonde. Kando ya kitanda, kigoda.

"Hii njo chumba ya mama," ukasema. "Ile ubao ya ngazi niliweka juu ya goti yake, ashikilie akipanda."

Mugisho, goti lile nililibuni mimi.

Uliniambia nilale humo, mpaka mwenye chumba atakapokuja. Nililala juu ya blanketi, sikuthubutu kujifunika.

Kesho yake, Jumamosi, ulinipeleka kazini kwako. Baraza la mji lilikuwa limekupa kazi ya kufyeka majani kwenye magofu, juu kabisa ya kilima. Ulinionyesha makaburi yaliyochongwa mwambani, na ule ukumbi wa Wagiriki wa kale, mabenchi ya mawe yaliyopangwa nusu duara, safu juu ya safu, yamelikwa na mvua. Ulizijua nyufa zake zote. Ulikuwa unang'oa magugu kwa mkono, ulisema, maana panga linaumiza jiwe.

"Simama pale chini katikati," ukaniambia. "Mi napanda juu kabisa. Sema kitu, hata polepole, nitasikia."

Nilisimama pale. Nilikuona ukikwea, ukakaa benchi la mwisho, mdogo kama ndege. Ukapiga makofi: haya, sema! Nilitaka kusema mzaha. Nilitaka kuliita lile jina la utani ulilolichukia. Kinywa kikasema kitu kingine.

"Mama amekufa."

Nilisema taratibu kabisa. Ukasimama.

Ulishuka benchi moja moja. Ulipofika karibu hukunigusa.

"Lini?"

"Miaka minne sasa inakaribia."

Nilikuona unahesabu. Nilikuona unafika kwenye ile simu ya kwanza, na Jumapili zote zilizofuata.

"Ulikuwa unaniletea salamu za nani?" ukauliza.

Ukaokota mundu wako, ukaenda zako.

Mchana ule nilitembea peke yangu. Makanisa yalikuwa yamefungwa, maduka yamefungwa, watu wamelala kukwepa jua. Nilipita chini ya nyuso zile za mawe, nikaona aibu hata mbele yao. Katika mji wote huo hapakuwa na mtu mmoja ninayeweza kumwambia nimefiwa, wala nimekosa.

Asubuhi ya Jumapili ulibisha mlango. Ulikuwa umevaa shati jeusi. "Twende misa," ukasema, basi. Ulikuwa umemwendea padri. Katikati ya misa, chini ya dhahabu yote ile, akalisoma jina la mama kutoka kwenye karatasi. Nabintu. Alilikosea, akalivuta mahali pasipostahili, lakini alilisoma. Yule mjane wa nyumba ya chini alisikia. Akageuka, akatutazama, akaelewa kwamba mgeni aliyemwekea blanketi hatakuja. Alitoka kwenye benchi lake, akaja akakaa katikati yetu, akakamata mkono wako na wangu, akaanza kulia kwa sauti. Wanawake wengine wazee wakasogea. Hawakujua neno la Kiswahili hata moja. Basi kilio cha mama tulikilia pale, sisi wawili na vikongwe wa Kitaliano, kwa kuwa kule Uvira hatukuwepo.

Nilidhani umenisamehe. Kituoni ukaniwekea begi ndani ya basi, ukasema bila kunitazama, "Mama sina. Na dada, sijue kama niko naye." Basi likaondoka.

Jumapili ya kwanza sikutoka nyumbani, nikingoja simu. Na ya pili. Sasa ni miaka minne. Watu wa kanisani huniuliza kama nina ndugu Ulaya. Mimi husema ninaye mmoja, kisha nabadili maneno. Nikitoka kazini napita sokoni, nanunua samaki mmoja, viazi viwili. Siku nyingine nafika Jumatatu ndipo nagundua kwamba tangu Ijumaa sijazungumza na mtu.

Lakini sikuandika ili unihurumie. Kuna jambo sikukwambia hata kule kilimani.

Umeamini nilikuficha kwa kukuonea huruma, na mimi nimekuacha uamini hivyo. Huruma ilikuwepo, siku ile ya kwanza. Baada ya hapo ulikuwa wivu. Mama mdogo ndiye aliyemshika mama mpaka mwisho, naye aliniambia yote kwa barua. Mama alikuita wewe. Siku mbili nzima aliita Mugisho, Mugisho, akasema umechelewa lakini uko njiani, akawaamuru wakuachie chakula. Hakuamini hata siku moja kwamba umekufa. Jina langu hakulitaja. Mimi niliyemwosha, niliyemvusha ziwa, hakuniita. Nilijua nikikwambia amekufa utaniuliza alisema nini, na sikutaka kukupa.

Nakupa sasa. Ni mali yako tangu mwanzo. Alikungoja, Mugisho. Mpaka pumzi ya mwisho alikuwa anakungoja wewe.

Popote ulipo, ule na ulale salama.

Mimi dada yako, hata kama hujui.