Neno Lililotoka Darasani Kwenu

Ofisi ya Kamusi,
Ghorofa ya Tatu.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo, na za hapo nyumbani? Miguu ya bibi inaendeleaje? Na hilo tumbo lako linalouma siku za shule tu, limepoa? Mimi mzima, ila mafua na kiti kibovu.

Barua yako nimeipata, na siri yako iko salama. Nimeelewa: ulisimama kwenye mdahalo wa Kiingereza, maneno yakakukauka, ukasema asante, ukaketi. Kwa vile wanakuita Antena kwa urefu wako, sasa jina limekuwa kitendo. Kila anayesimama akakosa la kusema, Kiingereza cha shule yenu kinasema "antennaed", yaani ameantena. Hutaki tena kurudi shule, na unaniomba mimi ninayekula mshahara wa kamusi ya Kiingereza nilizuie neno hilo lisiingie kamusini.

Pole, mama. Najua inauma. Lakini kazi yangu umeielewa kinyumenyume. Sisi hatukai mlangoni na rungu! Tunasoma magazeti, matangazo, hata porojo za mtandaoni, na tukikuta neno jipya tunalifuatilia. Likitumiwa na watu wasiojuana, huku na kule, kwa miaka, bila mtu kuuliza maana yake, ndipo tunaliandika. Wakati huo limeshaingia zamani, sisi tunafika na kalamu tumechelewa.

Mengi hufa, usisahau. Mhariri mwenzangu, mama mmoja mkali kweli kweli, ana kabati zima la maneno yaliyovuma msimu mmoja yakazimika. La kwenu huenda lisifike mitihani.

Na likiishi je? Sikudanganyi, linaweza. Neno boikoti lilikuwa jina la mtu, msimamizi wa mashamba ambaye wapangaji walimsusia hadi akakosa wa kumvunia. Bila shaka alikasirika. Leo watu wanalisema kutwa na hakuna anayemfikiria yeye. Neno likishasambaa humwacha mwenyewe nyuma.

Sasa sikia. Juzi mama yako alinipigia simu. Asubuhi hiyo wodini, kwenye kikao chao cha Kiingereza, alisimama mbele ya madaktari atoe ripoti ya wagonjwa, akasahau kila kitu, akaketi.

"Kaka, niliantena!" akaniambia, akicheka mpaka akakohoa.

Nikamuuliza neno hilo kalitoa wapi. Kwa wauguzi vijana, akasema, siku hizi wote wanasema hivyo. Shuleni unaitwaje hajui, na mimi siri yako sikuitoa.

Hakuwa anakucheka wewe, mpwa wangu. Alikuwa anajicheka mwenyewe, na kesho yake alivaa sare akaenda kazini.

Nisalimie bibi, umwambie dawa aimeze, asiifiche chini ya mto. Msalimie baba yako, na huyo mdogo wako mtukutu mvute sikio kwa niaba yangu. Mungu akutunze na akupe moyo wa ujasiri.

Mama yako simtumii salamu. Mkalishe tu jikoni, umwambie Antena ni wewe.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,
Anko Kamusi