Mama, Usilifungue Lile Dumu

Mashamba ya michikichi, Sabah
14 Agosti
Miaka minne na miezi mitano tangu nipande meli pale Larantuka

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mgongo unaendeleaje? Naomba barua hii ikukute umekaa kivulini, na Barek anayekusomea awe ametulia. Barek mdogo wangu, nakujua. Usiruke mstari hata mmoja, hata ule utakaokuudhi.

Kwanza kabisa: lile dumu la dawa ya kuua magugu nililompa binamu Kopong akuletee, mmeshalifungua? Kama bado, lisiguswe. Simu ya Kopong nimeipiga wiki nzima haipatikani, na mtandao wa huko mlimani naujua. Ndiyo maana naandika mapema, barua ifike kabla ya mvua za kupanda.

Kazi yangu hapa ilikuwa kunyunyiza dawa hiyo hiyo. Unabeba tangi mgongoni, unapita mstari hadi mstari, michikichi mitupu mpaka macho yachoke. Chini yake haimei mboga, halii hata nyenje. Tulipewa glavu, lakini kwa joto hili zinajaa jasho, nikazitupa. Nawe Mama ndiwe uliyetufundisha kuchanganya mbegu kwa mkono mtupu, mahindi, mpunga, maharage na maboga katika kapu moja, ukisema mkono lazima ujue umeshika nini. Basi na dawa nikaikoroga hivyo hivyo, mkono mpaka kwenye kiwiko. Wenzangu wa kabila la Wabugis walicheka wakasema, tazameni huyu mtu wa Adonara, anakoroga sumu kama uji wa mwanawe. Nami nilicheka nao.

Baadaye kucha zikaanza kung'oka, kikohozi kikaja. Chakula chetu kilikuwa tambi za pakiti asubuhi na jioni. Lipat, jamaa wa Lembata, kisiwa jirani na chetu, ninayelala naye chumba kimoja, aliniambia, "Tokan, ukizidi kukohoa hivyo nyani watahama msitu, na msimamizi atatukata sisi mshahara." Ni yeye aliyenivuta mpaka zahanati. Muuguzi, mama mmoja aitwaye Rosnah, aliuliza ninakula nini na ninashika nini. Nilipomwambia, aliweka kalamu chini akauliza kama mama yangu anajua. Akasema niache kunyunyiza na nile majani mabichi kama watu. Msimamizi alinung'unika sana, kisha akanihamishia kwenye kuokota machikichi yaliyodondoka.

Mimi na Lipat tukalima nyuma ya kambi, kipande ambacho hakijawahi kupigwa dawa. Tulipanda mlonge, maharage na boga, vyote pamoja kama kwetu. Wenzetu walisema tumepanda kichaka. Sasa wanakuja kuomba majani. Tangu tuanze kula vya pale, kikohozi kimepungua na usingizi umerudi. Kucha mbili hazijarudi.

Lakini Mama, tumbo likishiba ndipo hamu inapozidi. Natamani mahindi yako ya kukaanga yakitoka chunguni yangali moto, unayachota kwa vidole, unayaponda bapa kati ya mawe mawili huku ukitugombeza tusile kabla hayajatosha. Siku moja Lipat alijaribu kwa matofali. Tulipata unga na vumbi la tofali. Tuliula wote.

Siku ile ndipo nilipoufikiria mkono wako. Nikakuona unamimina ile dawa ndooni na kuikoroga kwa mkono, maana wewe hujui kukoroga kwingine. Na tena dawa ile haichagui. Kwenye shamba lako, ambamo kila kitu kinaota pamoja, itaua maharage na boga sawasawa na magugu. Utabaki na nini?

Sasa nakuja kwenye neno lililonifanya nichane karatasi tatu. Kopong alikwambia nimekutumia dawa kwa kuuhurumia mgongo wako. Ndivyo nilivyomdanganya. Siku nilipompa lile dumu, kucha mbili zilikuwa zimeshang'oka. Nilijua, Mama. Kila mwaka magugu yakiota unaniita nije tupalilie, na kila mwaka natafuta uongo mpya. Niliona haya kurudi na kikohozi tu mikononi. Nikawaza, magugu yakifa, hataniita tena. Kitu kinachonila mimi nilikutumia wewe, ili uache kuniita.

Barek, akinilaani, niandikie alivyosema. Usipunguze.

Msilimwage korongoni, maji ya pale mnakunywa wenyewe. Liwekeni mbali na mbuzi, nje ya nyumba, juu ya mawe, mpaka nije nilichukue mwenyewe. Na kama mkono wako umeshaligusa, nenda zahanati leo, si kesho, uwaambie wazi ulichoshika.

Nisalimie Barek na wanawe, nisalimie mke wa Kopong, na Kopong mwenyewe mwambieni hana kosa. Lipat anawasalimu, anasema anaomba mumtengee jiwe moja la kupondea.

Nimeshamwambia msimamizi. Nitapanda meli bandari ya Nunukan wiki ya kwanza ya Oktoba, na kabla ya tarehe ishirini nitakuwa mlangoni kwako.

Mwanao,
Yosef Tokan